Mbio za Saa Nyingi Ndani ya Gemu: Namna ya Kuziandaa, Kuzihimili na Kuzimaliza

Mwaka 2011 Audi iliishinda Peugeot katika mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, kwa sekunde 13.854. Gawanya tofauti hiyo kwa mizunguko 355 aliyokimbia mshindi, utapata takriban sekunde 0.04 kwa kila mzunguko. Hakuna anayeweza kukaa kwenye usukani akaamua kwamba leo ataongeza kasi kwa sekunde 0.04. Lakini yeyote anaweza kuingia kwenye changarawe mara moja tu akapoteza sekunde 20. Hesabu hiyo naikumbuka kila ninapojiandaa kwa mbio ndefu za kwenye gemu, kwa sababu inaonyesha ushindi unapatikana wapi: kwenye mzunguko unaoweza kuurudia mara mia, wala si kwenye mzunguko wako bora kuliko yote.

Yafuatayo yanamhusu anayekimbia nusu saa na anayekimbia saa 24, mwenye pedi (kidhibiti cha kushika mkononi) na mwenye usukani, anayepambana na kompyuta akiwa peke yake na aliye kwenye timu mtandaoni. Panapohitaji tofauti nitasema.

Anza na urefu unaokufaa

Mbio hizi si ngeni kwenye gemu. Gran Turismo ya kwanza kabisa, mwaka 1997, ilikuwa na mbio za kilomita 300 kwenye njia yake ya Grand Valley, mizunguko 60 bila kupumzika. Gran Turismo 4 ikaleta mbio za saa 24, na pamoja nazo uwezo wa kumwachia dereva wa kompyuta usukani huku wewe ukitoa maagizo. Mwezi Juni 2020, Le Mans halisi ilipoahirishwa, ilifanyika ya kwenye kompyuta kupitia gemu la rFactor 2, magari 50 na madereva 200.

Wengi husoma habari kama hizo kisha wanajitosa moja kwa moja kwenye saa 24. Wanaishia saa ya tatu, mikono ikiuma na hamu imekwisha. Anza na dakika 30. Mbio za dakika 30 za Le Mans zilizomo ndani ya Gran Turismo 7 ni shule nzuri sana: zina mafuta, zina matairi, mvua inaweza kukushukia katikati, na ukikosea unajua kosa lako kabla hujalisahau. Ukizimaliza mara tatu bila kugonga wala kutoka njiani, nenda saa moja. Halafu saa mbili. Kuanzia saa mbili ndipo mwili unaanza kuwa sehemu ya mashindano, na hapo utajua kama hizi mbio ni zako.

Kabla ya kujisajili au kubonyeza kitufe cha kuanza, soma kanuni za mbio zenyewe. Tafuta mambo haya: mbio zinahesabiwa kwa muda au kwa mizunguko? Tairi zinaisha mara ngapi kuliko kawaida, na mafuta je? Kuna idadi ya lazima ya kuingia piti (kituo cha pembeni cha kujaza mafuta na kubadili tairi)? Gari likigonga linaharibika kweli? Unaweza kuhifadhi katikati ukaendelea kesho? Jibu la kila swali linabadilisha mpango wako mzima. Tairi zinazoisha mara tano zaidi na mafuta ya kawaida ni mbio tofauti kabisa na mafuta mara tano na tairi za kawaida, hata kama gari na njia ni vilevile.

Tafuta kasi unayoweza kuirudia

Hili ndilo zoezi ninalolithamini kuliko mengine yote. Jaza tangi, funga tairi mpya, kimbia mizunguko 15 mfululizo bila kuanza upya hata ukikosea. Andika muda wa kila mzunguko kwenye karatasi. Futa miwili ya kwanza, maana tairi zilikuwa za baridi. Sasa tazama umbali kati ya muda wako mzuri na muda wako mbaya katika ile 13 iliyobaki.

Kwenye njia inayochukua dakika 2 hivi, ukiona tofauti inazidi sekunde moja, basi unakimbia kupita uwezo wako wa kurudia. Rudia zoezi ukiwa umepunguza kidogo: piga breki mita tano mapema, acha nafasi ndogo kwenye kingo za nje, usilazimishe kona uliyoiingia vibaya. Mara nyingi utaona kitu cha kushangaza. Muda wako bora umerefuka kwa sehemu tatu za kumi ya sekunde, lakini wastani wako umekuwa mzuri zaidi. Huo wastani ndio gari lako halisi. Endelea mpaka uweze kukimbia mizunguko kumi yote ikiwa ndani ya nusu sekunde huku unaweza kuzungumza na mtu pembeni. Ukishindwa kuzungumza, bado uko juu mno.

Mpangilio wa gari nao ufuate njia hiyo hiyo. Gari la mzunguko mmoja huwa jepesi mkiani, linageuka haraka na linakuadhibu haraka. Kwa mbio ndefu ongeza bawa la nyuma kidogo, sogeza nguvu ya breki mbele kidogo, lainisha springi ili gari lisiruke kwenye kingo. Usione haya kuacha mfumo wa kuzuia tairi kuteleza ukiwa umewashwa. Saa nne usiku mguu wako hautakuwa na ufundi uliokuwa nao jioni. Na lijaribu gari likiwa na tangi lililojaa na likiwa na tangi karibu tupu. Lita 100 za mafuta zina uzito wa karibu kilo 75, kwa hiyo gari lile lile linahitaji umbali tofauti wa breki mwanzoni mwa zamu na mwishoni mwake. (Zamu hapa namaanisha kipindi kati ya kuingia piti na kuingia piti tena.)

Hesabu ya mafuta

Hapa ndipo mbio nyingi hupotea, na ndipo mtu asiye na kasi kubwa anaweza kuwapita wenye kasi. Chukua kalamu.

Pima matumizi kwa mizunguko isiyopungua mitano, kisha tafuta wastani. Usiamini mzunguko mmoja. Ule uliokimbia nyuma ya gari jingine umetumia kidogo kwa sababu la mbele lilikukatia upepo, na ule uliopigania nafasi umetumia mengi.

Tuseme mbio ni za mizunguko 60, tangi ni lita 100, na gari linakula lita 3.5 kwa mzunguko. Tangi moja linakupa mizunguko 28, kwa lita 98. Matangi mawili yanakupa 56. Umebakiza minne, na hiyo minne inakulazimisha kuingia piti mara ya pili. Ukiweza kushuka mpaka lita 3.3, tangi moja linakupa mizunguko 30 kamili kwa lita 99, na safari moja ya piti inatosha. Kinachotafutwa ni lita 0.2 tu kwa mzunguko. Haba na haba.

Swali ni je, inalipa? Tuseme kupita njia ya piti na kusimama kunakugharimu sekunde 55. Ukibana mafuta kwa namna inayokupotezea sekunde 0.6 kwa mzunguko, mizunguko 60 itakula sekunde 36. Umefaidi 19. Kubana kukikupotezea sekunde nzima kwa mzunguko, umelipa 60 ili kuokoa 55: heri ungekimbia kwa nguvu na kusimama mara mbili. Fanya hesabu hii kabla ya mbio, kwa namba zako mwenyewe ulizozipima kwenye mazoezi. Wakati wa mbio akili haina nafasi ya kugawanya na kuzidisha.

Namna ya kubana ni tatu, na zina thamani tofauti. Bora kuliko zote ni kuachia mafuta mapema mwishoni mwa njia ndefu iliyonyooka: ondoa mguu mita 50 hadi 100 kabla ya sehemu yako ya breki, acha gari lisererekee, halafu piga breki kama kawaida, ila kwa upole kwa sababu tayari limepungua mwendo. Sababu yake ni rahisi. Ukiwa karibu na mwendo wa juu kabisa, injini inateketeza mafuta mengi kusukumana na upepo, na unachopata ni kasi kidogo mno. Hapo ndipo lita ni ghali na sekunde ni rahisi. Ya pili ni kupandisha gia mapema kidogo kwenye kutoka kona, jambo ambalo pia linaokoa tairi za nyuma. Ya tatu ni kubadili kiwango cha mafuta cha injini pale gemu linaporuhusu. Kwenye Gran Turismo 7 namba 1 ni nguvu zote na namba 6 ni ubanaji wa mwisho. Mimi huitumia hii ya tatu ninapokuwa nyuma ya gari nisiloweza kulipita, au baada ya kupata pengo la kutosha nyuma yangu. Kuiweka 6 mbio nzima kunaua gari.

Sasa mtego. Katika mbio zinazohesabiwa kwa muda, saa ikifika sifuri mbio hazijaisha: kila mtu anamalizia mzunguko aliomo. Niliwahi kukimbia saa mbili za Le Mans nikiwa wa tatu, mafuta nimeyahesabu kwa saa mbili kamili na akiba ya lita moja. Aliyekuwa anaongoza alipita mstari zikiwa zimebaki sekunde sita. Maana yake mzunguko mwingine mzima, kilomita 13.626, karibu dakika nne za mafuta ambayo sikuwa nayo. Gari lilinyamaza katikati ya njia ndefu ya Mulsanne nikaangalia magari tisa yakinipita. Tangu siku hiyo, dakika 20 kabla ya mwisho naangalia muda wa anayeongoza, nagawanya muda uliobaki kwa muda wa mzunguko wake, na jibu likiangukia karibu na namba kamili naongeza mafuta ya mzunguko mmoja zaidi. Lita tatu nne zinazobaki kwenye tangi hazijawahi kumnyima mtu nafasi kama zile zinazokosekana.

Matairi

Tairi haiishi kwa sababu unakimbia. Inaisha kwa sababu inateleza. Ukilielewa hilo, mengine yanafuata.

Tairi za mbele huisha unapogeuza usukani zaidi ya kiasi ambacho mpira unaweza kushika. Gari halitaki kugeuka, wewe unaongeza usukani, tairi inasuguka kama kifutio. Badala yake, fungua usukani kidogo na subiri. Ya nje ndiyo huumia zaidi, kwa hiyo kwenye njia yenye kona nyingi za kulia tazama tairi ya mbele kushoto. Tairi za nyuma huuawa wakati wa kutoka kona, unapokanyaga mafuta kabla ya kunyoosha usukani na magurudumu yakazunguka bure. Kanuni yangu ni kwamba mguu na mikono vifanye kazi kwa kupeana: kadiri usukani unavyonyooka ndivyo mguu unavyoshuka.

Sikiliza. Gemu nyingi zinatoa mlio wa tairi kwa uaminifu kuliko picha ya rangi iliyoko pembeni ya skrini. Tairi inayonung'unika chini chini iko mahali pake. Inayopiga kelele inakuomba uache. Ukikimbia ukiwa na muziki masikioni unajinyima habari hiyo.

Kubadilisha au kutobadilisha? Ukiwa unaingia piti kwa ajili ya mafuta hata hivyo, uliza tairi mpya zitaongeza sekunde ngapi za kusimama. Gemu nyingine hujaza na kufunga kwa pamoja, nyingine hufanya kimoja baada ya kingine, nawe ulipaswa kulijua hilo tangu mazoezini. Tuseme zinaongeza sekunde 12, na zile kuukuu zinakupotezea sekunde 1.5 kwa mzunguko. Ikibaki mizunguko 10, kuukuu zitakula sekunde 15: badilisha. Ikibaki saba, zitakula 10.5: zibaki. Kumbuka pia kwamba tairi mpya ni za baridi, na mzunguko wa kwanza kutoka piti ndio unaopeleka watu ukutani.

Vifaa na mwili

Usiku wa kabla, si saa ya kuanza, fanya masasisho yote ya mashine na ya gemu, kisha zima masasisho ya kujiendesha. Tumia waya wa mtandao badala ya wayalesi. Pedi iwe kwenye chaja. Kagua kama runinga yako ina mpangilio wa kujizima baada ya saa kadhaa bila kuguswa. Runinga nyingi zinao, na haijui kwamba uko kwenye mzunguko wa 140. Mashine iwe na nafasi ya kupumua pande zote.

Wenye usukani, punguzeni nguvu yake kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko mnavyotumia kwa mbio fupi. Mota haitachemka, na viganja vitakushukuru. Wenye pedi, ugonjwa wenu ni kidole cha mafuta, kinachobanwa kwa nguvu zote saa nzima. Kitufe kikiwa kimefika mwisho, nguvu ya ziada haikupi chochote; jifunze kukishikilia kwa wepesi.

Kila njia ndefu iliyonyooka ni ya kupumzika. Shusha mabega, legeza viganja, pepesa macho, pumua mpaka tumboni. Nimejizoeza kufanya hivyo sehemu ile ile kila mzunguko, na siku nikisahau najua nimeanza kuchoka. Kunywa maji kwa mafunda madogo wakati gari limesimama piti, kutoka chupa yenye mfuniko. Usile chakula kizito kabla ya zamu ya usiku.

Ukiwa peke yako na gemu linaruhusu kusimamisha, lisimamishe ukiwa kwenye njia iliyonyooka au piti, kamwe si ndani ya kona. Kurudi kutoka kwenye mapumziko moja kwa moja hadi katikati ya kona ya kasi ni ajali uliyojitengenezea.

Mwanzo

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na kona ya kwanza ni ukingo. Tairi za baridi, tangi limejaa, magari 30 yanataka nafasi moja. Breki mapema kuliko ulivyozoea, chagua upande usiokubana, kubali kupoteza nafasi mbili tatu. Utazipata. Wanaokupita hapo kwa fujo wengi utawakuta kwenye changarawe kabla ya mzunguko wa tano, au watakuwa piti wakitengeneza gari. Kwa dakika kumi za kwanza lengo langu ni moja tu: gari zima.

Ndani ya mbio

Magari ya madaraja tofauti ndiyo yanayofanya mbio ndefu ziwe ndefu kwelikweli. Kanuni inayofuatwa ni kwamba mwenye gari la kasi ndiye mwenye jukumu la kupita kwa usalama, na mwenye gari la polepole anabaki kwenye mstari wake wa kawaida. Ukiwa wewe ni wa polepole, usimpishe mtu kwa kuyumba ghafla. Hiyo heshima ndiyo inayosababisha migongano. Shika njia yako, mwachie apite pale njia iliponyooka, na kama unataka kumsaidia achia mafuta kidogo ukiwa tayari kwenye mstari ulionyooka. Ukiwa wewe ndiye wa kasi, hesabu mapema utamkuta wapi. Mara nyingi ni bora kuchelewa nusu sekunde kabla ya kona ukampita wakati wa kutoka kuliko kuingia naye sambamba na kupoteza mbili. Mulika taa mara moja ili ajue upo. Kummulikia mfululizo kunamchanganya, na aliyechanganyikiwa hatabiriki.

Kuingia piti kuna kosa lake la kudumu: kuvuka mstari unapoanza kikomo cha mwendo kwa kasi iliyozidi. Adhabu yake hula faida yote uliyoibana kwa saa nzima. Wakati wa mazoezi ingia piti mara kumi, kwa makusudi, mpaka ujue mahali halisi pa kupiga breki, na ujue kabisa kitufe cha kuweka kikomo cha mwendo kiko wapi bila kutazama chini. Panga kiasi cha mafuta na aina ya tairi mzunguko mmoja kabla, ukiwa kwenye njia iliyonyooka.

Usiku unakunyima alama zako. Mti uliokuwa ukiutumia kwa breki haupo tena. Kwa hiyo chagua alama zinazoakisi mwanga wa taa zako: vibao vya umbali, rangi za kingo, mwisho wa ukuta. Kwenye Nordschleife, njia ya mbio ya Ujerumani yenye zaidi ya kilomita 20, hakuna njia ya mkato. Kimbia mazoezi ya usiku yenyewe, angalau saa moja, siku kabla ya mbio. Na lami ikipoa, tairi zinachelewa kupata joto baada ya piti. Jipe mizunguko miwili badala ya mmoja.

Mvua huwapoteza wenye haraka. Matone ya kwanza si sababu ya kukimbilia piti. Unachohitaji ni namba mbili ulizozipata mazoezini: muda wako wa tairi za mvua kwenye njia iliyolowa, na muda wako wa tairi za ukavu njia inapoanza kulowa. Siku ya mbio, muda wako wa tairi za ukavu ukirefuka ukafika ule wa tairi za mvua, na mawingu bado yanakuja, ingia. Kwenye Gran Turismo 7 kuna picha ya rada ya mvua. Jifunze kuisoma ukiwa umetulia, uone wingu linaelekea wapi na kwa mwendo gani, kwa sababu wingu dogo linalopita halistahili safari mbili za piti. Kwenye gemu zinazoiga mpira uliosagika njiani, ule mstari wa kawaida wenye mpira mwingi huteleza zaidi ukilowa. Jaribu kupita pembeni yake kwenye kona za polepole utafute mahali panaposhika.

Ukikosea, na utakosea, usijaribu kulipa deni kwenye kona inayofuata. Mzunguko mmoja baada ya kosa ukimbie polepole kwa makusudi. Tazama kama usukani umenyooka, sikiliza injini, soma hali ya gari. Makosa mengi makubwa niliyoyaona ni kosa la pili, lile lililozaliwa na hasira ya la kwanza.

Mkiwa timu

Timu hupanga zamu kwenye jedwali kabla ya siku yenyewe, na jedwali linaanza na usingizi, si na kasi. Atakayekimbia alfajiri alale jioni. Mwepesi wenu kuliko wote apewe zamu ngumu, mathalani machweo au mvua, na mtulivu kuliko wote apewe mwanzo. Kwenye iRacing, gemu la mbio za mtandaoni, kila dereva anatakiwa kukimbia angalau robo ya mgawo sawa: mkiwa wanne na mizunguko ni 400, mgawo sawa ni 100, kwa hiyo hakuna anayeruhusiwa kuwa chini ya 25. Timu imara zimepoteza matokeo kwa kusahau hesabu ndogo hiyo.

Anayefuata awe macho na mbele ya skrini nusu saa kabla, akiangalia njia na kusikiliza. Makabidhiano yawe mafupi na kwa mpangilio mmoja kila mara: mafuta, tairi, uharibifu, walio mbele na nyuma, hali ya hewa. Habari kwamba ulikoseshwa na fulani kona ya nane subirini kuiongea baada ya mbio. Anayeingia haihitaji, na inamjaza moto asio wake.

Mpangie pia mtandao kukatika. Mwezi Januari 2023 gari la timu ya Max Verstappen, dereva wa Formula 1, lilikuwa linaongoza Le Mans ya kwenye kompyuta lilipopoteza mawasiliano na seva, na timu ikajitoa. Ikiwa imewapata wao, itawapata na nyinyi. Kila mmoja ajue namna ya kurudi kwenye seva haraka, na dereva mwingine awe tayari kuchukua gari ikiwa aliyekatika harudi.

Saa ya mwisho

Mwaka 2016 Toyota namba 5 ilikuwa inaongoza Le Mans zikiwa zimebaki dakika chache. Ikaishiwa nguvu, ikasimama karibu na mstari wa kumalizia, Porsche ikapita na kushinda. Mzunguko wake wa mwisho ulizidi dakika 6 zilizoruhusiwa, na gari lililokimbia karibu saa 24 halikuwekwa hata kwenye orodha ya waliomaliza. Ndani ya gemu kuna kanuni za namna hiyo pia: baadhi zinahitaji uvuke mstari mwenyewe, nyingine zinadai asilimia fulani ya mizunguko ya mshindi. Zisome kabla.

Katika saa hii nauliza swali moja kila mizunguko mitano: aliye mbele namkaribia kwa kiasi gani kwa mzunguko, na imebaki mingapi? Pengo likiwa sekunde 18, nikimkaribia kwa sekunde 0.8, na imebaki 15, nitapata 12 tu. Simfikii. Basi nalinda nafasi, nabana mafuta, nawaacha wa daraja la juu wapite kwa raha. Ikiwa imebaki 25, namfikia mzunguko wa 23, na hapo ndipo ile akiba ya tairi niliyoitunza tangu mwanzo inatumika. Yeye atakuwa amezimaliza zake.

Ukivuka mstari, usiachie usukani. Punguza mwendo taratibu, endesha mpaka gemu lenyewe lichukue gari, subiri jedwali la matokeo lionekane na hifadhi ikamilike. Kisha ndipo uzime mashine.